Daktari Banting na Dawa Iliyouzwa kwa Dola Moja

Kila asubuhi, wakati mabasi ya Mbagala na Tandika yangali yamejaa watu waendao kazini, mabenchi ya hospitali ya Temeke huwa yamekwisha kukaliwa na watu ambao hawajaonja hata kikombe cha chai. Hali ni ile ile upande wa pili wa mji, katika hospitali ya Mwananyamala, Kinondoni. Watu hawa wamekuja na njaa kwa makusudi, maana wameagizwa kwamba damu yao itapimwa sukari kabla hawajatia kitu tumboni. Miongoni mwao wamo makuli wa bandarini, mama lishe, makarani, mafundi cherehani na walimu. Na mara nyingine yumo mtoto wa shule aliyemwegemea mama yake, amekonda, macho yameingia ndani.

Baadhi ya watu hao huishi kwa vidonge na kwa kujihadhari na chakula. Wengine, na hasa wale watoto, huishi kwa sindano. Dawa iliyomo ndani ya sindano hiyo yaitwa insulini. Wanaojidunga kila siku waijua bei yake, na waujua uchungu wa siku inapokosekana. Lakini si wengi wanaoijua historia yake. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Daktari Frederick Grant Banting wa Kanada, aliyefariki dunia mwaka 1941. Twafanya hivyo kwa kuwa maisha yake yametuachia swali ambalo bado halijajibiwa katika vitongoji vyetu: kitu kikisha kutolewa kiwe mali ya watu wote, ni wajibu wa nani kukifikisha kwao?

Kwanza yafaa tuueleze ugonjwa wenyewe. Ugali, wali, muhogo na ndizi tulavyo hugeuzwa tumboni kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu ili ipelekwe kwenye misuli na viungo vyote vipate nguvu. Lakini sukari haiingii yenyewe tu katika viungo hivyo. Nyuma ya tumbo la chakula kuna tezi iitwayo kongosho, nayo hutoa kichocheo, yaani homoni, kinachosafiri ndani ya damu kama tarishi wa ofisi apelekaye barua mlango kwa mlango. Tarishi huyo ndiye insulini. Asipofika, milango haifunguliwi. Sukari hurundikana katika damu kama magunia yaliyopakuliwa gatini bila lori la kuyachukua, huku nyumba za mjini zina njaa.

Hapo figo huanza kuimwaga sukari pamoja na maji ya mwili. Mgonjwa hukojoa mara nyingi usiku na mchana, hushikwa na kiu isiyokatika, hula sana na bado hukonda. Mwili ukikosa sukari hujila wenyewe, ukaanza na mafuta na kuishia kwenye nyama. Katika kuyachoma mafuta hayo, damu hujaa tindikali. Mgonjwa hupumua kwa nguvu, hutapika, huzirai, na asipotibiwa haamki tena. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliufahamu ugonjwa huu tangu zamani, wakauita mkojo wa asali, kwa kuwa waliona sisimizi wakiukimbilia. Kuufahamu waliufahamu, kuuponya hawakuweza, wala hakuna taifa lililoweza kwa karne nyingi baada yao.

Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg uliokuwa wakati huo chini ya Ujerumani, madaktari Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimpasua mbwa na kumtoa kongosho lake. Mbwa yule akashikwa na kisukari. Basi ikajulikana kwamba siri imo ndani ya kongosho. Miaka 20 kabla ya hapo, mwanafunzi wa Kijerumani aitwaye Paul Langerhans alikuwa amekwisha kuona kwa hadubini kwamba ndani ya kongosho mna vifungu vidogo vya chembe vilivyotawanyika kama visiwa baharini. Ndiyo maana jina la insulini latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Wataalamu wengi walijaribu kukamua dawa kutoka visiwa hivyo, na wote walishindwa au waliishia njiani.

Kwa hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto aliyeshikwa na kisukari kikali alikuwa amehukumiwa kufa. Tiba bora kupita zote ilikuwa njaa. Daktari Frederick Allen wa Marekani aliwapunguzia wagonjwa chakula hadi wakabaki mifupa, ili wavute miezi au miaka michache zaidi. Wazazi walilazimika kuchagua kama mtoto wao afe kwa sukari au afe kwa njaa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa dunia alimozaliwa Banting, tarehe 14 Novemba 1891, katika shamba karibu na mji mdogo wa Alliston, jimbo la Ontario. Alikuwa kitinda mimba katika jamaa ya watoto watano. Wazazi wake walikuwa wakulima na Wakristo wa madhehebu ya Methodisti, nao walitumaini kwamba mtoto wao atakuwa mchungaji. Banting hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Alianza masomo ya kawaida katika Chuo Kikuu cha Toronto, akayumba, kisha mwaka 1912 akahamia udaktari. Twayataja haya kwa faida ya vijana wetu wanaodhani kwamba mlango wa elimu hufunguka kwa wale tu wanaoshika nafasi ya kwanza darasani.

Vita Kuu ya kwanza ilipopamba moto aliingia jeshini akiwa daktari mpasuaji. Mwaka 1918, katika mapigano ya karibu na mji wa Cambrai nchini Ufaransa, alijeruhiwa mkono na kipande cha kombora, lakini aliendelea kuwahudumia majeruhi wengine. Kwa ushujaa huo alitunukiwa nishani ya Msalaba wa Kijeshi. Vita vilipokwisha alirudi Kanada, akafungua chumba cha matibabu katika mji wa London, si ule wa Uingereza bali ule wa Ontario. Hapo alionja yale ambayo vijana wetu wengi wenye vyeti huyaonja: aliketi akingoja wagonjwa wasiokuja. Katika mwezi wake wa kwanza, Julai 1920, mapato yake yote yalikuwa dola 4. Ili apate riziki alichukua kibarua cha kufundisha katika chuo cha mji ule.

Kibarua hicho ndicho kilichomfungulia njia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 1920 alikuwa akijiandaa kufundisha habari za sukari mwilini, akasoma makala ya Daktari Moses Barron juu ya kongosho. Usingizi ukampaa. Alifikiri kwamba kongosho hufanya kazi mbili: hutoa maji makali ya kusaga chakula, na hutoa kile kichocheo cha sukari. Labda, aliwaza, wote waliotangulia walishindwa kwa sababu yale maji makali hukiharibu kichocheo kabla ya kukamuliwa. Je, mtu akiifunga mirija ya kongosho la mbwa na kungoja majuma kadhaa, si sehemu ya kusaga chakula itanyauka, na visiwa vibaki vizima? Aliamka mnamo saa nane za usiku akaandika wazo lake kwa maneno machache, asije akalisahau.

Alilipeleka kwa Profesa John Macleod, Mskochi aliyekuwa mkuu wa elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Toronto. Profesa hakuvutiwa sana. Mbele yake palisimama daktari wa miaka 28, asiyejua utafiti, asiyesoma hata vitabu vyote vya jambo analolitaka. Hata hivyo mwishowe alimpa chumba, mbwa kumi, na msaidizi mmoja, Charles Best, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akingoja kuendelea na masomo. Kazi ikaanza tarehe 17 Mei 1921. Banting hakupewa mshahara, na Best pia alifanya kazi majira yale bila malipo.

Majira yale ya joto yalikuwa magumu. Chumba kilikuwa kichafu na chenye joto kali, na Banting hakuwa amezoea upasuaji wa namna ile. Katika majuma mawili ya kwanza mbwa saba kati ya wale kumi walikufa. Macleod alikuwa amekwenda zake Uskochi kwa likizo. Lakini wale wawili hawakuacha. Mwishoni mwa Julai walimdunga mbwa mwenye kisukari maji waliyoyakamua kutoka kongosho lililonyauka, na sukari ya damu yake ikashuka. Walirudia, wakapima, wakaandika, wakarudia tena.

Kisha Banting akakumbuka jambo alilolijua tangu utotoni shambani. Wafugaji wengi hupeleka machinjioni ng'ombe wenye mimba, na katika ndama ambaye hajazaliwa, visiwa vya kongosho hukomaa kabla ya zile chembe za kusaga chakula. Basi wakaenda machinjioni, wakachukua makongosho ya ndama, na baada ya hayo makongosho ya ng'ombe wazima, wakayaloweka katika pombe kali. Dawa ikapatikana kwa wingi zaidi kuliko walivyokuwa wakiipata kwa mbwa. Kumbe lile wazo la kufunga mirija, lililomnyima usingizi na kumleta Toronto, halikuwa la lazima hata kidogo! Kitu kilichokuwa kikitupwa pamoja na uchafu, mfano wa vinavyotupwa katika machinjio yetu ya Vingunguti, ndicho kilichokuwa na uhai wa maelfu ya watoto. Hapa pana fundisho kwa wote wanaodharau ujuzi wa mkulima na mfugaji: ujuzi ule wa kijijini ulifungua mlango ambao vitabu havikuufungua.

Mnamo Desemba 1921 akajiunga nao mkemia hodari, James Bertram Collip, kazi yake ikiwa ni kuisafisha dawa. Tarehe 11 Januari 1922, katika Hospitali Kuu ya Toronto, mgonjwa wa kwanza alidungwa sindano. Alikuwa mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, mwana wa watu wa kawaida, mwenye uzito wa ratili 65 tu, yaani kama kilo 29 na nusu. Sindano ile haikufaa. Dawa ilikuwa chafu, ikamtia jipu, na sukari ikashuka kidogo mno. Wengine wangekata tamaa. Collip alijifungia siku 12 akiisafisha dawa upya. Tarehe 23 Januari Leonard alidungwa tena, na katika muda wa siku moja sukari ya damu yake ikashuka kutoka miligramu 520 hadi 120 katika kila desilita. Rangi ikamrudia, nguvu zikamrudia, akataka kula. Leonard Thompson aliishi hadi mwaka 1935, akafa kwa homa ya mapafu akiwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Habari zikaenea upesi, na barua za wazazi zikamiminika Toronto. Mwezi Agosti mwaka ule akaletwa Elizabeth Hughes, binti wa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 14 na uzito wa ratili 45 tu, yaani kama kilo 20. Alipona, akaolewa, akazaa watoto, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Twamtaja kwa pamoja na Leonard kwa sababu moja. Katika kitabu cha ugonjwa, mtoto wa waziri na mtoto wa mtu wa kawaida walikuwa na hukumu moja. Na katika kitabu cha dawa ile mpya, walipata msamaha mmoja. Tofauti ya fedha huingia baadaye, pale binadamu anapoweka bei.

Na juu ya bei ndipo Banting na wenzake walipofanya tendo tunalotaka likumbukwe kupita yote. Sheria ya uvumbuzi, ambayo siku hizi twaiita hataza, humruhusu mvumbuzi kuwazuia watu wengine wasitengeneze kitu chake bila kumlipa. Wangalitaka, wale mabwana wangalikuwa matajiri kupita wafalme. Banting mwanzoni hakutaka hata jina lake liandikwe, kwa kuwa aliona ni kinyume cha kiapo cha udaktari kwa tabibu kujipatia faida kwa dawa ya kuokoa maisha. Mwaka 1923 haki hiyo ilihawilishwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto, na kila mmoja wa wale watatu, Banting, Best na Collip, alipokea dola moja. Kusudi la haki ile lilikuwa kuwazuia walanguzi wasiifunge njia, na kuhakikisha kwamba dawa itatengenezwa safi na ya nguvu moja.

Yatupasa tuseme kweli vile vile, kwamba hawa hawakuwa malaika. Baina yao mlikuwa na wivu na magomvi makali. Zawadi ya Nobel ya mwaka 1923 ilipotolewa kwa Banting na Macleod, Banting alikasirika kwamba Best amesahauliwa na kwamba Macleod, aliyekuwa likizoni, amepewa sifa. Akatangaza kugawana fedha yake na Best. Macleod naye akagawana yake na Collip. Huko Bucharest alikuwako Profesa Nicolae Paulescu wa Rumania, ambaye mwaka 1921 alikuwa amekwisha kuchapisha habari za dawa ya kongosho iliyoshusha sukari ya mbwa, naye hakupata kitu. Kwa maoni yetu, magomvi yale yathibitisha jambo ambalo wagombanaji wenyewe hawakuliona. Banting alikuwa na ushupavu, Best alijua kupima, Collip alijua kusafisha, Macleod alikuwa na elimu na maabara. Ukimwondoa mmoja, Leonard asingaliamka. Kazi ile ilikuwa ya ushirika, hata kama kila mmoja aliitaka sifa iwe yake peke yake.

Banting alikuwa na miaka 32 tu alipopewa zawadi ile, na hadi leo hapana mwingine aliyeipata kwa ajili ya udaktari akiwa na umri mdogo zaidi. Bunge la Kanada lilimpa posho ya maisha, chuo kikuu kikamfanya profesa, na mwaka 1934 mfalme wa Uingereza akampa cheo cha heshima. Hakupata tena uvumbuzi wa kulingana na ule wa kwanza. Alipenda kuchora picha, na rafiki yake mkubwa alikuwa mchoraji A. Y. Jackson.

Mwaka 1927 wawili hao walisafiri kwa meli hadi nchi za barafu za kaskazini. Banting aliona kwamba wenyeji wa huko, waliozoea nyama na samaki wa nchi yao, walikuwa wakibadilishana ngozi za mbweha kwa unga, biskuti, chai na tumbaku, na afya yao ikiharibika. Akamweleza mwandishi wa gazeti kwamba biashara ile ilikuwa ikilinufaisha kampuni na kuwadhuru wenyeji. Kampuni ilikasirika. Sisi twaona kwamba daktari aliyeipata tiba ya kisukari alikuwa ameona pia, kwa macho yake, jinsi mlo wa watu unavyoweza kugeuzwa na duka.

Vita Kuu ya pili ilipoanza alijitolea tena, akashughulika na utafiti wa afya ya marubani. Tarehe 20 Februari 1941 alipanda ndege ya kijeshi kwenda Uingereza. Ndege hiyo ilianguka karibu na Musgrave Harbour, katika kisiwa cha Newfoundland. Rubani alipona, Banting alifariki siku iliyofuata, akiwa na miaka 49. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 14 Novemba, ndiyo iliyofanywa kuwa Siku ya Kisukari Duniani.

Sasa turudi nyumbani. Kwa miaka mingi ya utawala wa kigeni ilidhaniwa kwamba kisukari ni ugonjwa wa Wazungu na Wahindi wenye nafasi, na kwamba Mwafrika haumjui. Dhana hiyo ilikuja kupimwa hapa hapa Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980, Profesa Donald McLarty, Mskochi aliyefundisha Muhimbili, pamoja na Daktari Andrew Swai na wenzao wa Tanzania, waliwaandika katika daftari wagonjwa wapya wa kisukari waliofika Muhimbili kuanzia mwaka 1981 hadi 1987. Walipata wagonjwa 1,250, na kati yao 272 hawakuweza kuishi bila insulini. Miongoni mwa hao wa sindano, vifo vingi vilitokana na ile tindikali ya damu na maambukizi. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka 60 baada ya Leonard Thompson kuokolewa, watu wa mji huu walikuwa wakifa kifo kile kile alichookolewa nacho.

Mwaka 1989 wataalamu hao walitangaza matokeo ya kuwapima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania, wakakuta kwamba wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa taifa uliwapima watu wa miaka 25 hadi 64, na ukakuta kwamba karibu 9 katika kila mia wanao. Umri na namna ya kupima havikuwa sawa katika chunguzi hizo mbili, kwa hiyo hatuwezi kuzilinganisha kama mtu alinganishavyo mizani na mizani. Hata hivyo hakuna asiyeona mwelekeo wake. Wazee wetu walitembea kwa miguu kwenda shamba, wakala muhogo, mtama na mchicha. Sisi wa Temeke na Kinondoni huketi saa mbili ndani ya basi, huketi tena kazini, na njiani hununua chapati, vitumbua na soda.

Mwaka 1992 wataalamu hao hao waliuliza, katika jarida la madaktari wa Uingereza, kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua katika Afrika. Walikuwa wamepiga hesabu ya matibabu ya mwaka 1989 na 1990. Mgonjwa wa vidonge na mlo aligharimu dola 103 kwa mwaka. Mgonjwa wa sindano aligharimu dola 287, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda katika kununua insulini. Msomaji aiweke hesabu hiyo kando ya zile dola tatu za Toronto.

Imekuwaje basi? Haki ya mwaka 1923 ilikwisha muda wake zamani. Lakini dawa iliboreshwa mara nyingi, na kila uboreshaji ulikuja na hataza yake mpya. Tangu mwaka 1982 insulini inayofanana na ya binadamu imekuwa ikitengenezwa kwa vijidudu badala ya makongosho ya ng'ombe. Kwa miaka mingi makampuni matatu makubwa, moja la Marekani, moja la Denmark na moja la Ufaransa, yameshika zaidi ya sehemu tisa katika kumi za biashara ya insulini duniani. Hatusemi kwamba mwenye kiwanda asipate ujira wake. Mfanyakazi wa kiwandani naye ana watoto. Twasema kwamba zawadi iliyotolewa kwa dola moja isigeuzwe kuwa mnada.

Wala lawama haiishii ng'ambo ya bahari. Dawa yaweza kufika bandarini na isifike Tandale. Yaweza kufika zahanati na ikakosa friji. Yaweza kufika nyumbani na mgonjwa akashawishiwa kuiacha, kwa kuwa jirani amemwambia kwamba sindano humaliza mtu, au kwamba kuna mizizi itakayomponya kabisa kwa siku saba. Twasema wazi: mtoto anayehitaji insulini akiachishwa sindano hufa, na hufa upesi. Aombewe, na sindano achomwe. Yale mawili hayagombani.

Kwa hiyo twawasihi wanachama na wafanyakazi mambo manne. Kwanza, mtu mwenye kiu isiyokwisha, mkojo wa mara kwa mara na kukonda bila sababu asingoje, aende akapimwe. Mtoto akianza kukojoa kitandani upya baada ya kuwa ameacha, asichapwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Pili, nyumba isiyo na umeme isikate tamaa: chupa ya insulini yaweza kuhifadhiwa ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa juu ya mchanga unaomwagiwa maji, mahali penye kivuli na upepo. Tatu, matawi ya vyama vya wafanyakazi yaulize, kila mkutano wa mahali pa kazi, kama mwenzao mwenye kisukari hupewa nafasi ya kula kwa wakati na ruhusa ya kwenda kliniki. Nne, wale tuliowapa dhamana ya kugawa fedha za umma waihesabu insulini pamoja na maji na unga, vitu ambavyo mtu hawezi kuambiwa avingoje mwezi ujao.

Banting hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa mwana wa mkulima, daktari asiye na wagonjwa, mwenye wazo lililokuwa nusu kosa, aliyekataa kuacha kazi mbwa wake walipokufa. Alipoipata mali, yeye na wenzake waliiachia kwa dola moja. Sehemu yao waliimaliza miaka mingi iliyopita. Safari iliyobaki, kutoka chupa ya dawa hadi mkono wa yule mtoto aliyemwegemea mama yake kwenye benchi la Temeke, haihitaji uvumbuzi mpya. Ni kazi ya ugavi, ya bajeti na ya moyo, na hiyo yatuhusu sisi.